UZI: Namna ya kupendana bila kuharibu mazingira (nimeachwa mara tatu, kwa hiyo nina uzoefu)

KuniMbichi (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi sola, naishi Kimara, nina miaka 34, sina mtoto wala mkopo wa kausha damu. Nimekaa nikaona humu ndani kila siku tunafundishana namna ya kutongoza, namna ya kuacha, namna ya kujua kama mtoto ni wako, lakini hakuna aliyewahi kutufundisha namna ya kupenda bila kuacha takataka nyuma. Leo naleta somo. Wasio na subira rukeni mpaka kwenye jiko.

Tuanze na usafiri. Mtu anatoka Mbezi na gari kubwa kumfuata binti Tabata, anampeleka Mikocheni, wanakula kuku mmoja, anamrudisha Tabata, anarudi Mbezi. Injini nzima, watu wawili, kuku mmoja! Daladala injini ni moja na abiria wanajaa mpaka mlangoni. Ukigawanya moshi kwa vichwa, kila mtu anabaki na moshi wa kukohoa mara moja tu. Nilikuwa namfafanulia hivyo binti wa kwanza, tumesimama katikati ya daladala, yeye kavaa gauni jeupe, konda anapiga kelele "sogeeni nyuma kule kweupe", na pembeni yetu mama ana ndoo ya samaki wa Feri. Ndoo ilimwagika kidogo tu. Nikamwambia asijali, maji ya samaki ni mbolea. Alishuka kituo kilichofuata, na hakikuwa cha kwake.

Chakula sasa. Hapa sina mjadala, ni dafu. Dafu ni kinywaji, chupa na kijiko kwa pamoja. Ukimaliza maji, muuzaji analipasua, anakuchongea kipande cha kumbi, unakomba utando. Kinachobaki kikikauka kinawashia moto. Nioneshe kiwanda kilichowahi kubuni chupa ya namna hiyo.

Mahali pa kutembelea: msitu wa Pugu, njia ya Kisarawe. Upo karibu na mjini kuliko watu wanavyodhani, na kuna mapango yaliyoachwa na machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo. Humo wanaishi popo. Magharibi wakianza kutoka ni kama mtu anakung'uta zulia jeusi. Binti wa pili alipiga kelele ambazo nadhani zilisikika Gongo la Mboto. Nikamtuliza, nikamwambia wale wanakula wadudu, na kinyesi chao ni mbolea ya daraja la kwanza. Kosa langu ni kwamba nilisema hivyo wakati mbolea yenyewe iko begani kwake.

Sasa jiko.

Ilikuwa Februari, wiki ya wapendanao. Wenzangu wananunua midoli ya manyoya na maua ya plastiki. Mimi nikasema hapana, huyu wa tatu nampenda, nampa kitu chenye manufaa. Pale kwao wanapikia mkaa, na fundi mmoja ninayemfahamu anatengeneza majiko banifu mazuri sana. Nikaandika ujumbe: "Mpenzi, nimeamua mwezi huu navuta jiko. Jumamosi nipo kwenu, waambie na wakubwa." Wakubwa niliwataja kwa sababu jiko ni zito, nilitaka mtu wa kunipokea kituoni.

Wakuu, nilikuta turubai. Mashangazi watatu wamevaa sare ya khanga. Mjomba katoka Kibaha na koti, kwenye joto la Februari. Biriani inanukia mpaka barabarani. Shangazi mkubwa akanitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama tena.

"Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu shangazi, nimelibeba mwenyewe."

"Umebeba nini?"

"Jiko."

Nikalitua, nikaanza kulieleza. Bati nje, udongo wa kuchoma ndani, linapunguza mkaa theluthi mpaka nusu. Kimya. Aliyeuliza swali ni mjomba peke yake, alitaka kujua linabeba sufuria ya ukubwa gani. Biriani sikuionja.

Karibuni kwa maswali. Na matusi pia leteni, ni mbolea.

Nanga_ya_Ngalawa

Natia nanga hapa hapa. "Umebeba nini? Jiko." Nimemwaga chai kwenye kibodi ya ofisi.

BintiTandika

Kaka KuniMbichi, jina lako limekufaa, moshi mwingi moto hakuna.

Nikuulize kitu kwa heshima. Katika mambo yote uliyoyataja, daladala, dafu, kwenda kuangalia popo, ni lipi lililokutoa zaidi ya elfu tano? Usijifiche nyuma ya tabaka la ozoni. Wewe ni bahili uliyesoma. Baba zetu walikuwa mabahili wa kawaida, wakisema "hela hakuna" mambo yanaisha. Nyinyi wa siku hizi mnasema "tuifikirie dunia".

Wanawake wenzangu, kipimo ni rahisi. Bahili anakataa cha kununua tu, ila mpenda mazingira hata cha bure anakikataa. Mpelekeni kwenye harusi mkamwangalie kwenye maji ya chupa.

KuniMbichi

@BintiTandika umenionea dada. Jiko banifu silo la bei ya dafu.

Kuhusu harusi... mwezi wa nane kwenye harusi ya binamu nilikunywa chupa nne. Lakini kulikuwa na joto.

Nanga_ya_Ngalawa

Chupa nne!! Kesi imekwisha, mahakama inaahirishwa.

Mhasibu_Mstaafu

Vijana mnahangaika bure. Mimi ndiye mtunza mazingira namba moja jukwaani humu na sikuwahi kujua mpaka leo.

Kuna binti yuko Mwanza. Tangu mwaka juzi nimeshamtumia nauli mara nne aje Dar. Mara ya kwanza bibi aliugua. Mara ya pili basi lilimwacha. Mara ya tatu bibi yule yule akafariki. Mara ya nne bibi akaugua tena. Sasa nimepiga hesabu zangu. Mwanza mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, kwenda na kurudi zaidi ya 2,000, mara nne. Dizeli iliyochomwa ni sifuri. Chupa za maji zilizotupwa dirishani njiani, sifuri. Hela imesafiri kwa simu, mtu hajatoka nyumbani.

Wazungu wanalipana fedha nyingi ili mtu asikate mti. Mimi nalipa ili mtu asipande basi. Wizara inifikirie kwenye tuzo.

KasichanaKaRongai

Jameni Mhasibu, huyo bibi aliyekufa akaugua tena ndiye wa kupewa tuzo!

Mimi ni wa huku Kenya, wacha niwape yangu. Mwaka wa 2018 nilikuwa na mpenzi wa Dar, mtu mzuri, anaongea Kiswahili hadi unasahau alichokukosea. Akaamua kuja kunitembelea kwa basi kupitia Namanga, na zawadi yake ilikuwa korosho kilo mbili, kwa mfuko wa nailoni. Sasa huku kwetu mifuko ilikuwa imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na faini inafika milioni nne za Kenya au jela miaka minne. Kwenu ilikuwa bado ruhusa. Mtu wangu hakuwa anajua. Pale mpakani akaambiwa mfuko unabaki, korosho zinaweza kuvuka.

Alivuka na korosho ndani ya kofia, mfuko wa koti, na soksi moja safi (aliniapia ilikuwa safi). Nilimpokea Nairobi anatembea akimwaga korosho kama kuku anayelishwa. Nilimpenda siku hiyo zaidi ya siku zote. Tuliachana baadaye kwa mambo mengine, lakini hizo korosho nilikula zote. Isipokuwa za soksi.

KuniMbichi

@KasichanaKaRongai huyo kaka ni shujaa. Bongo Bara tulifuata tarehe 1 Juni 2019. Ukikutwa na mfuko mkononi faini elfu thelathini, au unalala ndani mpaka siku saba. Ndipo ikaja ile inayoitwa mifuko mbadala.

Nanga_ya_Ngalawa

Na michepuko ikabadilishwa jina. Kuna mtu ofisini kwetu anaye "mke" na "mbadala".

Mpemba_Asili

Yakhe, nyie wabara mnakuja sasa hivi. Zanzibar mifuko ya plastiki imekatazwa toka 2006. Sisi tulishazoea kikapu cha ukili, kinakaa miaka, kikichakaa unakitupa shambani kinakuwa udongo.

Na hayo mapenzi yasiyo taka tunayo toka enzi za mababu. Mwanamme akitaka kumfurahisha mkewe hanunui ua la plastiki lililotoka ng'ambo kwa meli. Anapita sokoni jioni ananunua asumini, mke anazitunga kwa uzi, nyengine nyweleni, nyengine kitandani. Au vikuba: asumini, rihani, mkadi. Asubuhi vimenyauka, vinafagiliwa, vinatupwa mgombani. Hakuna betri, hakuna karatasi ya kung'aa. Kisha unafukiza udi nyumba nzima.

KuniMbichi

Nimekukubali sana sheikh. Swali dogo la kitaalamu: huo udi unafukizwa kwa mkaa wa kawaida?

Mpemba_Asili

Kijana, hapo sasa unatafuta talaka na hata hujaoa.

Mgosi_wa_Soni

Mada ya maua naomba niichukue mimi, nimekulia milimani.

Waridi hizi mnazouziana Februari zinalimwa kwenye mabanda, kwa maji mengi. Naivasha kule Kenya na Arusha hapa kwetu, sehemu kubwa zinapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Yaani Mholanzi anampa mkewe waridi lililopanda ndege kabla yetu. Za plastiki nazo ndiyo balaa zaidi. Unaachwa mwaka huu, ua lenyewe linabaki dunia hii mpaka wajukuu wa aliyekuacha wazeeke.

Sasa sikilizeni. Kuna ua dogo la zambarau, majani yana manyoya laini kama sikio la sungura. Duniani kote watu wanaliweka madirishani, na asili yake ni hapa hapa, misitu ya Usambara. Mjerumani mmoja aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga, baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao miaka ya 1890, wakalibatiza Saintpaulia kwa jina la familia yake. Halijapanda ndege kutoka Ulaya kuja kwako, wewe ndiye mwenyewe. Linakaa kwenye kopo, halitaki jua kali, linachanua mara kwa mara. ONYO: usiende kuling'oa msituni, kule limebaki kidogo na linalindwa. Tafuta lililooteshwa bustanini, na ukimwagilia usimwage maji juu ya majani, yanapata madoa.

Nilimpa mtu hilo ua mwaka 2016. Tuliachana 2017. Ua linaendelea vizuri, mama yake huwa ananitumia picha.

BintiTandika

Mgosi, mama yake anakutumia picha za ua la mtu aliyekuacha. Hiyo familia imekukosa, nenda karudi.

Fundi_Friji

Kurudiana ndiyo hoja yangu. Humu watu mmesahau urejelezaji. Mtu akirudiana na ex anachekwa, wakati ndiyo njia nafuu kwa dunia. Hakuna kununua nguo mpya, ukweni njia unaijua, hata jina la nenosiri la intaneti ya kwao unalo.

Mhasibu_Mstaafu

Fundi, hata chupa ya soda ikirudi kiwandani inaoshwa kwanza ndipo inajazwa. Wewe ex wako umemwosha?

Fundi_Friji

Nimepigwa. Nakaa chini.

Dalali_wa_Karume

Naongezea kuhusu mavazi. Mtumba ndiyo nguo rafiki wa mazingira, kitambaa kimeshatengenezwa, rangi imeshachuja kwao huko, kazi yako ni kupiga pasi. Amka alfajiri, uwepo belo likifunguliwa. Nimetoka na watu kadhaa nimevaa suti ambayo dukani singeigusa. Mmoja alikuta kwenye mfuko wa ndani risiti ya mgahawa wa Italia ya watu wawili, ya miaka mingi nyuma. Hakuamini kama ile risiti imekuja na koti. Ananiuliza huyo mwanamke wa Italia ni nani. Kageuzeni mifuko ndugu zangu.

BintiTandika

Narudi kwa mshtakiwa. @KuniMbichi, nakupa njia ya kusafisha jina. Tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme Dar mpaka Morogoro, siku hizi inafika Dodoma. Haina moshi kabisa, si ndiyo unataka? Na ina tiketi, inalipiwa. Mpeleke mtu Moro mkaangalie Uluguru, mle, mrudi. Tiketi mbili, si moja na "nitakurudishia". Tutajua kama ni dunia unaipenda au ni noti.

Na achana na mambo ya mshumaa mezani, maana najua ulikuwa unakuja huko. Mshumaa wa dukani ni parafini, inatoka kwenye mafuta yale yale ya petroli. Ukitaka mshumaa, tafuta wa nta ya nyuki, asali ya Tabora haikosi nta.

KuniMbichi

Mshumaa nilikuwa nao kwenye sehemu ya pili ya somo. Naufuta.

Treni nimeikubali. Tatizo sina wa kwenda naye.

Chipsi_Kavu_Sinza

Habarini. Mimi huwa nasoma tu, ila leo inabidi niandike.

Nina kibanda cha chipsi Sinza. Huyu mleta uzi NAMJUA. Nina uhakika ni yeye, maana Dar es Salaam nzima hakuna mtu mwingine anayekuja kununua chipsi na hotipoti kutoka nyumbani. Hataki boksi, hataki foili, hataki kijiti cha kuchomea. Anasimama kwenye foleni kakumbatia hotipoti kama mama anayepeleka chakula hospitali. Kachumbari anataka nyingi.

Kwa haki yake niseme, dada @BintiTandika, huyu kaka boksi mimi nampa bure na anakataa. Bei ni ile ile. Hata foili ya bure anakataa.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Huwa anakuja na hotipoti mbili. Najaza moja, ya pili anarudi nayo tupu. Kila Ijumaa. Nilidhani ya pili ni ya mbwa, nikaona aibu kuuliza.

BintiTandika

Boksi la bure anakataa? Sawa. Zile chupa nne za harusi namsamehe mbili.

Hotipoti ya pili ya nani, kaka?

Nanga_ya_Ngalawa

Mleta uzi yuko mtandaoni, namwona, anaandika anafuta.

KuniMbichi

Ni chombo tu. Watu tuendelee na mada.

Mhasibu_Mstaafu

Kijana, nimekagua vitabu vya watu miaka thelathini. "Ni chombo tu" nimeisikia sana.

Mwenye_Jiko *(amejiunga leo)*

Habari zenu. Rafiki yangu kanitumia huu uzi akaniuliza kama ni mimi. Ni mimi.

Naomba nisahihishe machache, maana mleta uzi kaacha sehemu zinazomhusu. Kwanza, jiko lilikuja bila mkaa, shangazi akalazimika kutuma mtoto dukani ndipo tulijaribu. Pili, biriani hukuionja kwa sababu ulikimbia, hakuna aliyekufukuza. Tulikuwa tumekaa kimya tunasubiri useme jambo la pili. Tatu, hukusimulia shangazi mkubwa alipokuuliza "na mahari je?" ulimjibu nini. Ulimwambia lina dhamana ya mwaka mmoja.

Mimi sikumwacha mtu. Nilizima simu siku mbili kwa aibu, nilipowasha nikakuta ameandika "nimekuelewa, nakutakia maisha mema". Nikasema sawa, kama ameelewa.

Jiko ninalo. Maharage ya jana yameiva kwa mkaa wa kopo moja, hapo sitasema uongo. Silirudishi.

Hotipoti yenye ua jekundu kwenye kifuniko ni ya kwangu. Nilimwachia ile wiki ya Pugu.

Nanga_ya_Ngalawa

Subiri. Wiki ya Pugu? Kumbe yule wa popo na huyu wa jiko ni mtu mmoja??

Mwenye_Jiko

Na yule wa ndoo ya samaki. Sijui anahesabu vipi. Ananiita "watatu" kwa sababu kila nikinuna siku mbili anajua ameachwa.

KasichanaKaRongai

Woiii. Nimeamsha hadi mtoto kwa kucheka. Mtu ameachwa mara tatu na mtu mmoja ambaye hakumwacha!

Fundi_Friji

Mnaona sasa? Urejelezaji.

KuniMbichi

Naomba nikiri mbele ya jukwaa kwamba sikujua.

@Mwenye_Jiko hotipoti iko salama, naiosha kila Ijumaa. Kuhusu jiko, udongo wa ndani huwa unapata ufa baada ya muda, inabidi fundi alitazame. Naweza kupita Jumamosi? Halafu, kama utakuwa na nafasi, kuna treni ya Morogoro. Tiketi mbili. Nimeshaangalia bei.

BintiTandika

"Nimeshaangalia bei." Mungu nipe subira. KANUNUE.

Mwenye_Jiko

Jumamosi nipo. Ila shangazi naye anasoma huu uzi, kaniambia nikuulize kabla hajamwambia mjomba: safari hii unaposema unapita kuangalia jiko, ni jiko lipi?

Chipsi_Kavu_Sinza

Samahanini kuingilia. Ijumaa nijaze hotipoti ngapi?